Bibi Mwanvua Anasoma

Bibi Mwanvua alitawadha kwanza, ndipo akaketi kumdanganya mjukuu wake.

Ndivyo mambo yalivyokuwa kila baada ya magharibi, hapo mtaani Buyenzi, tangu Lubna aanze kuazima vitabu kwenye nyumba ya vitabu ya watoto. Kitabu ni kitabu, hakishikwi na mikono michafu. Hilo maalimu alimfundisha Bibi chuoni akiwa mdogo, pamoja na herufi za msahafu. Herufi za Kifaransa hakuna aliyemfundisha. Lakini mtoto alipomwekea kitabu mapajani na kusema, "Bibi, nisomee," angejibu nini? Alisema bismillahi, akakifungua kwa upande wa kulia kama afunguavyo msahafu, akaanza kusimulia picha.

Basi wakasafiri! Leo wako msituni na simba mwenye miwani, kesho wako mwezini wanachuma ndizi. Lakini kitabu ambacho Lubna alikiazima tena na tena ni kile cha korongo. Kinda la korongo limesimama peke yake juu ya jiwe, kando ya ziwa. Mbali angani kuna kidoa cheusi. Ukigeuza karatasi kidoa kinakua, kinaota mabawa, kumbe ni mama mtu! Mwishowe kinda limelala kiotani, kichwa chini ya bawa la mama yake.

"Amerudi," Bibi humalizia.

"Tena," husema Lubna.

Hapo ndipo moyo ulipomchoma. Mama yake Lubna alikuwa Omani, kwenye kazi za nyumbani, na tangu Ramadhani simu yake ilikuwa haipatikani. Na ni Bibi huyu huyu aliyemwambia, "Nenda mwanangu, mtoto nitamlea." Sasa anamlea kwa uongo. Astaghfirullah! Pengine kile kitabu kilikuwa kinasema mambo mengine kabisa, kinafundisha kuhesabu samaki, nani ajuaye?

Na njia ya mwongo ni fupi. Alhamisi Lubna alirudi mbio kutoka nyumba ya vitabu.

"Bibi, Jumamosi wazee wanakuya kusomea watoto. Nimekuandikisha!"

"Mi? Mguu unaniuma, mjukuu wangu."

"Apana, Bibi. Tutatembea polepole."

Ijumaa nzima Bibi alitaka kukiri. Kila alipofungua mdomo alikutana na macho ya yule mtoto, akaufunga. Alijiona mwizi, tena mwizi wa ndani ya nyumba, yule asiyebwekewa na mbwa.

Jumamosi akajikuta kwenye kiti, watoto wamejaa mkekani, Lubna mbele kabisa. Kitabu alichopewa ni kile kile cha korongo. Akasema bismillahi, akakifungua.

"Eee! Bibi anaanzia mwisho!" mvulana mmoja alipiga kelele, na mkeka mzima ukacheka.

"Nyamazeni!" Joëlla, msichana anayetunza vitabu, aliwakemea. Akainama, akakigeuza kitabu taratibu mikononi mwa Bibi. "Kinaanziaga huku, Bibi," alimnong'oneza.

Aibu gani hii! Uso ulimwaka. Aliona mambo yamekwisha, afadhali aseme mwenyewe kuliko kusemewa. Akakifunga kitabu, akamtazama Lubna peke yake.

"Nisamehe, mjukuu wangu. Hizi herufi mi sizijui. Sikuwahi kukusomea hata neno moja. Nilikuwa nakudanganya."

Lubna akainuka mkekani. Hakulia. Alikichukua kitabu, akakigeuza kama Bibi alivyokuwa amekishika mwanzo, akamrudishia mapajani.

"Nilikisoma mi mwenyewe, siku ya kwanza," alisema. "Ukianzia kwa huko, mama anaruka, anaenda, anapotea. Soma kwa huku kwako, Bibi."