Pampu ya Evaristo

Evaristo alikuwa anang'oa pampu nzima kwenye lori zima, tena huku anapiga mluzi. Miaka kumi na moja hakuruhusu fundi yeyote aguse injini ile, na leo alikuwa anaiharibu kwa mikono yake mwenyewe, asubuhi kweupe, pembeni mwa migomba yake Kiboriloni.

"Baba Zita, umerogwa?" mkewe Dafroza aliuliza.

"Waliorogwa ni hao watakaokwenda Jumamosi na magari mazima."

Barua ilikuwa imefika Jumatatu. Kila mwenye lori alipeleke uwanjani Majengo, likakaguliwe kwa mahitaji ya vita. Hata bovu lisilotembea, livutwe. Ilikuwa Novemba ya mwaka sabini na nane, redio haikuwa na habari nyingine ila Kagera, na Evaristo hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Lori zima litakwenda huko likapigwe mabomu. Lori bovu litarudi kwa mwenyewe.

"Sasa hayo mabovu wanayaitia nini?" Dafroza aliuliza.

"Serikali ikianza kuandika haijui pa kuishia. Wewe kaanike kahawa."

Lori lile ndilo lililosomesha watoto wake na kuezeka nyumba yake bati. Kila Jumamosi alilala chini yake na kopo la grisi, akalipapasa springi moja moja. Alimwaga maji kwenye chujio la dizeli kabla hayajawa maji. Mwenye gari asiyejua kupaka grisi alikuwa kwake sawa na mtu asiyeoga, na wa namna hiyo Moshi nzima aliwajua kwa majina. Wa kwanza alikuwa Onesphory wa Shirimatunda.

Walinunua malori ya aina moja, wiki moja. La Onesphory sasa lilisimama kwa nguvu za waya na rozari. Pampu ya dizeli ilikuwa imekufa tangu Julai, na nchi nzima haikuwa na nyingine. Hata hivyo, wiki hiyo yule bwana alikuwa anahangaika huku na huko kama kuku anayetaka kutaga, anatafuta pampu ili lori lake liwake mbele ya wakaguzi.

"Nchi imevamiwa, mbe," alimwambia Evaristo. "Nitasimamaje mbele ya wenzangu na gari la kuvutwa?"

Evaristo alitamani kucheka mpaka alale chini. Mbuzi anajipeleka buchani, tena kamba kajifunga mwenyewe! Lakini alikaza uso. Wakaguzi wakilipata la Onesphory likiwa zima, nani atahangaika na la kwake?

"Chukua hii yangu," alisema, akamtolea pampu iliyofunikwa gunia. "Nipe hiyo yako, nitashindana nayo polepole."

Onesphory aliishika pampu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. "Aika mbe, aika. Mungu atakulipa."

"Atanilipa," alisema Evaristo.

Nyumbani alimsimulia Dafroza huku anajifuta machozi ya kicheko. "Wajinga ndio waliwao, Mama Zita!"

"Na wewe pampu utaipata wapi?"

"Pampu inavushwa mpakani kutoka Taveta kwa magendo, ndani ya kikapu cha ndizi. Lori utalivusha kwenye kikapu gani?"

Jumamosi Onesphory alikuja mwenyewe kumvuta. Lori lake lilinguruma vizuri kuliko siku liliponunuliwa, na Evaristo, akiwa ameshika usukani nyuma ya mnyororo, aliisikiliza pampu yake ikifanya kazi katika kifua cha mwingine. Iliuma kidogo. Alijifariji kwa kumtazama Onesphory akipungia watu mkono njia nzima, mjinga wa watu.

Uwanjani alikuwapo ofisa mmoja wa jeshi mwenye chaki, na nyuma yake vijana wanane waliokalia masanduku ya spana. Evaristo aliwadharau papo hapo. Mafundi wanane! Wangejua kutunza magari yao wasingehitaji hata mmoja.

Ofisa alifungua boneti. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa. Alipiga tairi teke, akaingia chini ya lori na kukaa huko muda mrefu.

"Hili linaumwa nini, ndugu?"

"Pampu. Na mengine mengi tu, limezeeka."

"Hayo mengine siyaoni. Fundi wako nani?"

"Mimi mwenyewe," alisema Evaristo, na kifua kikamtuna kabla hajakizuia.

Walijaribu kuliwasha. Lilikohoa, likanyamaza. Ofisa alichora msalaba mwekundu mlangoni. La Onesphory liliwaka mara moja, nalo likachorwa duara jeupe, na Onesphory akatabasamu kama aliyepewa nishani.

Evaristo alilitazama lile duara jeupe akamhurumia Onesphory, ingawa si sana. Aliinama akafunga tena mnyororo. "Haya Onesphory, nirudishe nyumbani kwanza, ndipo ukamuage mkeo."

Kiatu cha ofisa kiliukanyaga mnyororo. "Unakwenda wapi nalo?"

"Nyumbani, ndugu. Si limeshindwa?"

"Ya kwenda vitani yalitosha tangu wiki iliyopita. Tunachokosa ni spea, kwa hiyo mazima yanabaki na wenyewe, yabebe kahawa." Akawageukia vijana wake. "Anzeni na hili. Ukiacha pampu, kila kitu kama kipya."