Zana Iliyoitika

Tunu aliona mistari ya kijani ikishuka kwenye kompyuta mpya ya mtambo wa maji, mkuu wa mtambo akiwa kando yake. Hati ya usanidi, yaani maagizo ya kuiandaa kompyuta, iliita kila zana kwa jina, na kila moja ikaitika kuwa ipo.

"Mkuu, nani kafuta jaribio langu la kupima kama kila zana inafanya kazi sawasawa? Zana ya kupanga namba humu ina jina lile lile kama ya kompyuta ya zamani, lakini inaweka kumi kabla ya mbili. Mtambo huchukua namba ya kwanza kuwa kipimo cha dawa ya kusafishia; dawa itazidi majini, iwe sumu."

"Dada, imesema ipo. Unataka na kiapo?"

"Hata zile pampu mbovu za mwanzo mlisema zipo. Tukazika watu saba."

"Wageni wanasubiri kukata utepe. Bonyeza, mtambo uwake."

Tunu alikunja mikono. Mkuu akabonyeza mwenyewe. Nje vigelegele vikapanda, na mama mmoja akakinga kikombe cha mwanawe bombani.