Mstari Mwekundu Chini ya Kiti

Fundi aliinua kidole kuomba kimya, ingawa hapakuwa na mtu mwingine pale zaidi ya muuguzi na skuta yake. Injini ilikuwa ikiunguruma bila kwenda popote. Ilishuka, ikakohoa, ikawa kama mgonjwa anayetaka kuaga dunia kisha akaghairi.

"Juzi ilikuwa inapiga kelele. Leo inakata roho," fundi alisema. "Kabureta nimesafisha. Plagi mpya. Mpira wa hewa hauvuji. Dada yangu, skuta yako haiumwi. Inachokozwa."

Akainua kiti na kumwonyesha skrubu ndogo ubavuni mwa kabureta. Hiyo ndiyo inayoamua injini ipumue kwa kasi gani skuta ikiwa imesimama. Ukiikaza mno, inapiga kelele. Ukiilegeza mno, inazimika. Kichwa chake kilijaa mikwaruzo, mingine mipana, mingine myembamba kama uzi.

"Hii si kazi yangu. Nyumbani unaishi na nani?"

"Mume wangu na mama yake."

Fundi alianza kucheka, akaacha. "Basi mimi simo. Ila wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Una rangi ya kucha?"

Muuguzi alikuwa na kichupa chekundu mkobani, cha tangu arusi yake. Fundi alichora mstari mwembamba kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma kilicho pembeni.

"Mstari huu ukikatika, ujue mkono umepita."

Hofu ya muuguzi haikuwa ya bure. Alikuwa bado katika miezi ya majaribio, na tayari alikuwa amechelewa mara mbili baada ya skuta kumzimikia kwenye makutano. Mkuu wa wodi alimwambia bila kupandisha sauti, "Mara ya tatu usiniletee maelezo. Utarudi nyumbani moja kwa moja."

Siku hizo mbili mama mkwe hakuwepo. Alikuwa amelala kwa dada yake mgonjwa. Mtu mwingine angemwondolea lawama kwa sababu hiyo. Muuguzi aliona kinyume chake: anayewasha moto hakai karibu na moshi.

Tena yalikuwepo mengine. Kila alfajiri mama mkwe alitoka uani na kusema anafuta umande kwenye kiti cha skuta, mkamwana asiende kazini na gauni bichi. Mtu mwenye magoti mabovu kiasi kile, aamke gizani kwa ajili ya umande? Na alipompokeza kikombe cha chai, vidole vyake vilinuka petroli. Halafu kile kisu cha jikoni, ncha yake ilikuwa imepinda.

"Kilianguka," mama mkwe alijibu alipoulizwa, akageukia sufuria.

Jioni ile muuguzi alimweleza mumewe. Mume alikuwa fundi cherehani, akifanya kazi katika chumba cha mbele. Cherehani lilikuwa limefunguliwa mezani, naye alikuwa ameng'ata bisibisi yake ndogo. Aliitoa mdomoni ili azungumze vizuri.

"Usimwekee kinyongo mama. Wazee hawakuzoea mke anayerudi giza linaingia." Akamshika mkono. "Lakini kama kazi inakutesa hivi, mke wangu, iache. Mimi nina mikono miwili. Nitakulisha."

Muuguzi nusura alie. Alijiona ana bahati ya mume.

Kabla hakujapambazuka aliamka. Mumewe alikuwa amelala, uso ukutani. Alinyata hadi jikoni, akasimama nyuma ya mlango wa uani, simu mkononi, na maneno aliyokuwa ameyapanga kifuani. Yalikuwa maneno makali, ya aina ambayo yakishatoka hayarudi mdomoni.

Hakusubiri sana. Mama mkwe alitoka na khanga begani. Hakufuta umande. Aliinua kiti cha skuta, akapiga goti moja, akapumzika, akapiga la pili. Mkononi alikuwa na kile kisu.

Muuguzi alifungua mlango na kuwasha taa ya simu.

"Mama!"

Mwanga ulianguka moja kwa moja kwenye skrubu. Mstari ulikuwa umekatika. Nusu yake ilibaki kwenye chuma, nusu nyingine ilikuwa imezungushwa mbali, ikitazama upande wa pili.

"Nilijua," alisema. "Nilijua ni wewe, Mama. Nimekukosea nini?"

Mama mkwe hakushtuka wala hakuficha kisu. Alimtazama kama anayepima iwapo mzigo utabebeka.

"Sogeza taa hapa, mwanangu," alisema. "Na Mungu akubariki kwa kunichorea huu mstari. Siku zote nilikuwa napapasa tu, sijui niishie wapi. Ndiyo maana ilikuwa inababaika."

Akatia ncha ya kisu kwenye skrubu, akaikaza polepole, mpaka nusu mbili za mstari zikakutana.

"Leo kailegeza kweli," alinong'ona, kisha akashusha kiti kwa mikono miwili, taratibu, asije akamwamsha mwanawe.