Chaguo la Kwanza

Miaka mitatu mfululizo timu ya Mbaraka iliifunga ya Shekue kwenye bonanza la mtaa, maana kura ilimpa Mbaraka nafasi ya kuanza kuchagua wachezaji, naye kila mara alimchukua Kombo, mfungaji hodari kuliko wote mjini. Safari hii kura ilimwangukia tena, lakini akacheka.

"Anza wewe, kaka."

Shekue akaingiwa na wasiwasi. Ukarimu huu umetoka wapi? Akamgeukia Kombo. "Goti lako zima?"

"Zima kabisa, nahodha," Kombo akajibu, macho yake yakiwa kwa Mbaraka.

"Basi mimi namchukua kipa," Shekue akasema.

"Na mimi Kombo!" Mbaraka akadakia papo hapo.

Kombo akavuka uwanja taratibu, na Shekue akabaki kuikodolea macho miguu yake, asijue kama anachechemea au anaringa.