Gogo la Ruperto

Panga la Ruperto lilishuka mara moja tu. Kamba ya Otilia ikakatika, na nanga yake ndogo aliyoirusha kunasa gogo ikazama kimyakimya.

"Shemeji, hiyo ilikuwa nanga yangu ya mwisho," Otilia alisema.

"Basi umebaki mwepesi. Nenda nyumbani."

Kati ya boti zao palikuwa na hatua kama ishirini za maji, na maji yenyewe yalikuwa vuguvugu, ya kumwogeshea mtoto. Mwaka ule mkondo wa baridi ulikuwa umesahau njia ya kuja Peru. Dagaa walihamia kusini, ngisi wakawafuata, na kule La Islilla, kijijini kwao, ndege aina ya mwari walipanga foleni sokoni pamoja na akina mama, wakingoja kutupiwa vichwa vya samaki. Waliobaki ni fulusi, nao walikuwa siku tatu kutoka pwani, wakijikusanya chini ya chochote kinachoelea.

Na kilichoelea kilikuwa nyuma ya boti la Ruperto: kitu kirefu cha kahawia, kimeota majani ya bahari na makombe mpaka kimepoteza sura. Mvua zilikuwa zimeshusha magogo kutoka milimani mwaka mzima. Chini ya hili fulusi walijaa hata maji yakawaka kijani na dhahabu. Ungetupa kofia tu ingerudi na samaki.

Sheria ya magogo kila mvuvi anaijua. Wa kwanza kufunga kamba anavua mpaka jua lipite utosini, halafu anampisha aliyefika wa pili, hata kama ni adui yake. Otilia alifika asubuhi, akazima mashine, akangoja kwa adabu. Jua likapita utosini. Ruperto hakupisha.

"Mama, mtu huyu havui," alisema Casimiro, fundi wa mashine na baharia pekee aliyekubali kutumwa na mwanamke. "Tazama mishipi yake. Mikavu kama koo langu."

"Hakuja kuvua. Amekuja kuhakikisha mimi sivui."

Pwani nzima iliujua ugomvi wao. Anselmo, mume wa Otilia na kaka yake Ruperto, alitoka kufuata ngisi mwezi wa Machi mwaka uliopita, hakurudi. Baada ya miezi sita Ruperto alitaka mazishi ya nguo, kama wanavyofanyiwa wote ambao bahari haikuwarudisha: suti juu ya meza, mishumaa minne, kahawa, jeneza jepesi. Otilia alimfukuza kwa ufagio. Akachukua boti kuukuu la baba yake, akaanza kwenda baharini mwenyewe, kuvua na kutafuta, kila safari mbali zaidi. Samaki walimpa mafuta, na mafuta yalimpeleka kumtafuta Anselmo. Safari tatu mfululizo alirudi na barafu tupu. Kabla ya hii ya nne mama mkwe alimwapisha: ukirudi mikono mitupu tena, unakaa nchi kavu, na suti inalazwa mezani.

Otilia aliwasha mashine akazungukia kulia. Ruperto akageuka naye. Akaenda kushoto. Boti la Ruperto likaja kushoto, limelibana gogo ubavuni kama kuku aliyelalia mayai. Baharia wake alikuwa amekaa nyuma, amewapa mgongo, kofia mkononi.

"Shemeji, umeota mizizi hapo?"

"Nimeota."

"Nipe saa moja. Saa moja tu, halafu lioe kabisa gogo lako."

"Hata dakika."

"Unataka kumzika ndugu yako kwa njaa yangu."

Ruperto alifuta panga kwenye suruali, ingawa halikuwa na uchafu wowote.

"Basi nakuja," Otilia alisema. "Ukitaka kukata, safari hii kata mkono."

Akaelekeza boti moja kwa moja. Hatua kumi na tano. Kumi. Casimiro akashika nguzo na kuanza kuwataja watakatifu, wakubwa kwa wadogo.

"Anselmo hajafa," Ruperto alisema.

Otilia akazima mashine.

"Yuko Manta, huko Ekwado. Ana mwanamke, muuza ndizi za kukaanga. Mtu alimwona Krismasi, kanenepa. Alikuchoka, Otilia. Nilitaka yale mazishi ili kukuondolea aibu. Haya, umesikia. Bado unataka gogo?"

Otilia alisimama muda mrefu hata ndege mmoja akadhani ni mlingoti, akatua karibu naye. Kisha akatema mate majini.

"Mwaka mzima umenitazama nikilia."

"Nilikutazama."

"Mbwa wewe."

"Ndiyo."

"Usikanyage tena mlangoni pangu. Na mama yako mwambie ile suti aivae yeye."

"Nitamwambia."

Akageuza boti. Usoni alikuwa na rangi ambayo Casimiro hakuwa ameiona tangu Machi ya mwaka uliopita. Kwa mara ya kwanza alikuwa na hasira na mtu, si na bahari.

"Mama, nyumbani ni huku," Casimiro alisema.

"Nyumbani nakujua. Manta ni siku ngapi?"

"Kwa mafuta haya? Nne, na maombi."

"Basi anza kuomba."

Ruperto aliwatazama mpaka boti lao likawa doa, na doa likaisha. Ndipo aliponong'ona neno kwa baharia wake, wakalegeza kamba na kusogea pembeni, naye akavua kofia.

Ubavu wa kile kilichoelea ukabaki wazi, pale alipokuwa ameyakwangua makombe alfajiri: mbao za boti, za rangi ya buluu, na juu yake, miguu juu kichwa chini, herufi nyeupe ambazo kaka yake alizipaka kwa mkono wake mwenyewe wiki ya harusi. OTILIA.