Mbwa wa Mwisho Bandani

Mafundi walikuwa tayari wanang'oa mabati ya banda la manispaa la kutunzia wanyama waliotupwa. Ukarabati ulitaka jengo liwe tupu. Wanyama wengine walishapata wa kuwachukua; alibaki mbwa mmoja mzee, kipofu.

Daktari wa mifugo alipofika na sindano ya kumuua bila maumivu, alimkuta mtunzaji, Bi Zaituni, akimwogesha kwa maji ya vuguvugu.

“Mwenye nyumba wako amesemaje kuhusu kumchukua huyu?” daktari aliuliza.

“Amekataa.”

“Sasa unamwogeshea nini?”

“Ana matope, Daktari.”

Daktari aliweka mkoba chini, akachuchumaa, akachota maji kwa kopo na kummiminia mbwa mgongoni taratibu. Mbwa aligeuka, akaunusa ule mkono mgeni, akaanza kuulamba.