Madoa ya Rada

Barua ilifika kutoka kituo cha Huancayo, hapahapa Peru. Rada yao, ng'ambo ya milima, iliona madoa yaleyale kama yetu, jioni zilezile. Kumbe hazikuwa nyaya mbovu, kama nilivyodhani. Ni anga la juu kabisa, hapa penye ikweta ya sumaku, mstari ulio katikati ya ncha mbili za sumaku ya dunia, linalochafuka jua likizama.

Nilimpelekea barua hiyo Eleuterio, aliyekuwa fundi wetu wa nyaya. Alikuwa anapaka rangi nguzo za antena, kwa kuwa nilikuwa nimemshusha cheo kwa ajili ya madoa hayo, nikimwita mlevi asiyejua kufunga nyaya.

Aliisoma taratibu, rangi ikimkaukia vidoleni.

"Ulinitukana kantini, mhandisi, wote wakacheka. Utawaambia ukweli hukohuko?"

"Kesho," nilisema, nikitazama viatu vyangu.

"Wanakula sasa hivi," akasema. Akaweka brashi chini, akatangulia.